Ukisema Chochote, Unapewa Chochote

Wiki mbili zilizopita nilikula hela ya mwanangu. Sikukusudia. Jirani wa nyumba ya pili alimlipa shilingi elfu tatu kwa kumwoshea gari, na kwa kuwa mtoto wa miaka kumi hana laini ya simu, hela ikaingia kwenye yangu. Usiku umeme ukaisha, nikanunua LUKU bila hata kujiuliza salio limetoka wapi. Asubuhi binti akanijia na daftari. Ameandika tarehe, gari la nani, bei, na mwisho wa mstari neno moja: "Bado."

"Bado nini?"

"Bado baba hajatoa."

Anataka viatu vya magurudumu. Nilimwambia akifikisha nusu, nusu nyingine naongeza mimi, nikidhani ataishia kuuza ubuyu kwa wadogo zake. Akaniacha mdomo wazi siku aliyokwenda kugonga mageti ya watu na ndoo mkononi. Mama yake hakupenda tangu siku ya kwanza. Kazi yenyewe haina shida, maana nyumbani binti anadeki na kuosha vyombo kama kawaida. Kinachomkera ni kupokea hela. "Watu watasema tumefulia," aliniambia tukiwa jikoni, sauti chini. "Watasema tunamtuma mtoto akatafute."

Nilicheka, akanuna. Nilicheka kwa sababu sentensi hiyo niliwahi kuisikia neno kwa neno, isipokuwa "tumefulia," ambalo marehemu baba asingelijua. Ilikuwa Mwananyamala, Dar es Salaam, Juni 1998, na aliyeshtakiwa nilikuwa mimi.

Mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimetuachia mtaa wenye mashimo kama vishimo vya bao. Shule zilikuwa zimefungwa, Kombe la Dunia limeanza Ufaransa, na sisi tulikuwa na mpira wa mifuko ya plastiki ya Rambo iliyoviringwa na kukazwa kwa kamba ya katani. Mpira wa namna hiyo ukiingia kwenye dimbwi unakunywa maji. Ukiupiga kichwa baada ya hapo unaona nyota. Tulikuwa saba, wa umri wa miaka tisa hadi kumi na miwili, na mechi ya ufunguzi, Brazil na Scotland, tuliitazama kwa kupokezana dirishani kwa mama mmoja mwenye televisheni. Kesho yake kipa wetu akasema hachezi tena mpaka upatikane mpira wa ngozi. Bei tuliijua: kaka yake alikuwa ameulizia Kariakoo, akaambiwa elfu sita na mia tano. Kwetu sisi hiyo ilikuwa bei ya nyumba.

Wazo la kufanya kazi za watu lilitoka kwa nani, sikumbuki, na kila ninayekutana naye leo anasema lilikuwa lake. Kazi zenyewe tulizijua, maana tulikuwa tunazifanya kila siku bure. Mtoto wa uswahilini hutumwa na kila mtu mzima anayemwona. Haulizwi ana nafasi au hana. "We mtoto, hebu njoo," basi, mchezo umekwisha. Kuna bibi mmoja alikuwa akishakupa hela ya chumvi anatema mate chini, kisha anakuambia mate yale yasikauke hujarudi. Nilikimbia mbio zangu zote kwa miaka mitatu na sikuwahi kuyakuta mabichi hata siku moja. Jua la Dar halijali una miguu gani. Ukirudi, wakati mwingine unaambiwa chenji iliyobaki kanunue pipi. Huo haukuwa ujira. Ilikuwa huruma, na huruma huidai.

Kwa hiyo siku za kwanza tulifanya kama tulivyozoea, ila tukabaki tumesimama baada ya kazi. Unateka maji, unamimina kwenye pipa, halafu husogei. Mwenye nyumba anakuangalia, nawe unaangalia kidole chako cha mguu. "Unataka nini?" "Chochote tu." Nilipewa embe. Nilipewa kipande cha muhogo. Mwenzangu alipewa kofi, kwa kosa la kusimama mlangoni kama mdai. Wiki nzima tulikusanya shilingi mia nne na themanini ndani ya kopo la maziwa ya unga tulilolitoboa juu likawa kibubu, na kipa akalifungia kwenye sanduku la bati la mama yake.

Aliyetuokoa ni mtoto aliyekuwa hachezi na sisi.

Jina lake nalijua lakini mtaani halikutumika. Aliitwa kwa mzigo wake: Vitumbua. Wateja walimwita hivyo, sisi tulimwita hivyo, mpaka mwalimu wa zamu alimwita hivyo pale mstarini asubuhi, kabla ya kumchapa kwa kuchelewa. Alikuwa na miaka kumi na moja kama mimi. Mama yake aliloweka mchele jioni, akausaga, akaukoroga na tui na hamira, na kabla ya adhana ya alfajiri kikaango kilikuwa kimeshapata moto. Saa kumi na mbili Vitumbua alikuwa barabarani, sinia kichwani, kata ya khanga chini yake. Akishamaliza anakimbilia shule. Mchana anarudi na kashata. Likizo kwake ilikuwa na maana moja tu, kwamba sinia la jioni linaongezeka.

Alitukuta tumekaa chini ya mwarobaini tunahesabu sarafu. Akatua sinia, akasikiliza shida yetu, akacheka vibaya sana.

"Mnasema chochote?" akauliza. "Ukisema chochote, unapewa chochote."

Kisha akaokota kijiti akachora mchangani. Ndoo moja kutoka bombani hadi nyumba ya karibu, ishirini. Ikivuka kona, thelathini. Nazi moja kukuna, kumi. Kupeleka mahindi mashineni na kurudi na unga, hamsini, na umsubiri mwenye mashine usiondoke, maana unga unabadilishwa. Alizitaja kama anasoma ukutani. Halafu akasema jambo ambalo nimekaa nalo miaka yote hii, na nimeshalisema mbele ya watu wenye shahada za biashara, wakaandika.

"Taja bei kabla hujashika ndoo. Ukishaishika, wewe si muuzaji tena. Wewe ni mtoto."

Jioni ile nilikwenda kwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa ofisini, mwenye suruali yenye mkunjo. Aliponituma sigara nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, "Shikamoo, itakuwa ishirini." Hakuitikia marahaba. Alinyanyuka, akavaa kandambili, akaja nyumbani.

Baba aliniita. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile aliongea kwa sauti ya juu ili ipenye ukutani. Alisema mtoto wake hadai hela kwa watu wazima. Alisema watu watasema tumeshindwa kumlisha, tunamtuma akatafute. Alipomaliza akakaa, na mama, aliyekuwa anachambua mchele muda wote bila kuinua uso, akatoa hukumu. Kuanzia nyumba yetu hadi kwa fundi cherehani, upande huu na upande ule, ninatumwa. Hao ndio watakaotuzika. Kupita kwa fundi cherehani, kibarua.

Sijui kama alijua alichokifanya. Kufika kesho saa nne mama wa kipa na mama wa beki namba tatu walikuwa wameshaweka mipaka yao, kila mmoja kwenye kona yake, kwa sababu akina mama hukutana bombani na habari haikai. Na sisi, tuliokuwa tumeambiwa tusichaji kwetu, tukagundua kwamba kwa kipa ni ng'ambo ya mpaka wangu, na kwetu ni ng'ambo ya mpaka wake. Tukabadilishana majirani. Yule bwana wa mkunjo alianza kuchotewa maji na kipa kwa shilingi ishirini ndoo, na alilipa bila neno. Mtoto wa jirani yake kumdai ilikuwa matusi. Mtoto wa mtu asiyemfahamu ilikuwa biashara.

Kazi niliyoipenda kuliko zote haikuwa na ndoo. Mbele kidogo ya fundi cherehani aliishi bibi mwenye mwana Maskati, na macho yake hayakuona tena mwandiko. Nilimsomea barua na kuandika majibu, shilingi hamsini kwa barua, kusoma na kujibu pamoja. Alitaka kila barua ianze na salamu, na salamu zenyewe zijae ukurasa: wa nyumba hii mzima, wa nyumba ile mzima, fulani anakusalimu, mbuzi wamezaa. Shida ikija inakuja chini kabisa, mistari miwili, kama aibu. Siku moja niliiandika shida juu, mwanzoni, kwa kuwa niliona ndiyo habari. Akaniambia nichane. "Utamtisha," alisema. Alinilipa karatasi zote mbili.

Baadaye, ukubwani, nilikutana na maelezo kwamba neno kibarua ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa akionyeshe apate posho yake. Nilimkumbuka bibi yule. Nadhani mimi ndiye kibarua pekee wa mtaa ule niliyelistahili jina.

Wa kukopa walikuwepo. Mama mwenye bomba alituambia tutalipwa mwisho wa mwezi kama wafanyakazi wa serikali. Mwezi huo haujaisha hadi leo. Mzee mmoja mstaafu wa reli alikuwa kinyume chake. Alikuwa na daftari, aliandika kila ndoo, na alitutaka tutie saini. Kipa hakujua saini ni nini, akachora nyota. Mzee aliikubali, ila akamwonya kwamba kuanzia siku ile nyota ni hiyohiyo, asije akaongeza pembe.

Tulifika elfu sita na kidogo mwishoni mwa wiki ya tatu. Jumamosi ya kwanza ya Julai tulitembea kwa miguu, nauli tusiiguse: Kinondoni, Magomeni Mapipa, bonde la Jangwani, hadi Kariakoo. Muuza duka alimwaga kopo letu juu ya kaunta na kuanza kutenga, hamsini za vifaru huku, mia za swala huku, ishirini za tembo kule, na nyuma yetu wateja wakubwa wakaanza kuguna. Nadhani aliona aibu kutufukuza. Alisema elfu sita, chukueni. Ulikuwa mweupe wenye vipande vyeusi, na ulinukia duka. Tulirudi tukipokezana kuubeba, hatua mia mia, kila mtu anahesabu za mwenzake.

Na mtaa ulitupokea. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza vizuri, kwa sababu wakati ule nililiona la kawaida. Watu wazima walitoka mabarazani. Mzee wa reli alitupa mikono mmoja mmoja. Watoto wana bidii hawa, walisema. Wametafuta wenyewe, hawakuiba, hawakuomba. Hata yule bwana wa mkunjo alimwambia baba, nikisikia, kwamba mtoto wako atafika mbali. Wiki tatu za kubeba maji, tena kwa starehe yetu wenyewe, na tukawa mfano wa kuigwa. Vitumbua alikuwa amebeba sinia kwa miaka minne. Sikuwahi kumsikia mtu mzima hata mmoja akisema ana bidii. Walimwambia vimepoa. Walimwambia vidogo leo, mama yako anatuibia. Ada ya shule ya msingi ilikuwa bado inalipwa, ilikuja kufutwa 2001, na yake ilitoka kwenye sinia lile, pamoja na sare na madaftari. Kwa kulitembeza alichelewa, na kwa kuchelewa alichapwa.

Desemba ya mwaka uleule Tanzania iliridhia Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa umri wa chini wa kuajiriwa. Kisha ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, halafu Sheria ya Mtoto ya 2009, na zote zinasema kumi na nne: hapo mtoto anaruhusiwa kazi nyepesi, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kuvuruga masomo. Nimezisoma kwa makini, hasa tangu binti aanze kugonga mageti, na nakiri kwamba kwa kuzifuata herufi kwa herufi mimi ni mkosaji mwenye risiti. Lakini kila nikisoma "kazi nyepesi" namwona Vitumbua. Uzito wa sinia haukuwa mkubwa, ndoo zetu zilizidi. Uzito ulikuwa kwamba hakuwa na siku ya kufikisha. Sisi tulikuwa na elfu sita na mia tano, tukifika tunaacha. Yeye alikuwa anatafuta ya kesho. Na kisheria mwajiri wake angekuwa nani? Mama yake, aliyeamka kabla yake?

Siku hizi getini kwetu hupita mtoto mwenye kiroba, anaokota chupa za plastiki. Ni rika la binti yangu. Mlinzi humsaidia binti kubeba ndoo ya sabuni. Yule wa kiroba, mlinzi huyohuyo humwambia apite upande wa pili. Nimemwambia mlinzi aache. Ameacha nikiwepo.

Turudi kwenye mpira. Jumamosi ileile, saa kumi jioni, tuliingia kiwanjani na mpira wetu mpya, na Vitumbua alikuwa pembeni ya mstari na sinia la jioni. Nilikuwa winga. Niliupokea, nikamtoka mtu, nikataka kupiga krosi ambayo ingezungumzwa mtaani mwaka mzima. Mpira wa ngozi haukuwa ule wa Rambo. Uliruka nilikoelekeza mguu badala ya nilikokusudia, na ukampata Vitumbua wakati anashusha sinia ampe mtu.

Vilimwagika vyote kwenye mchanga. Nakumbuka kilichofuata kwa aibu: sote tulikimbilia mpira, maana ulikuwa unabingirika kuelekea kwenye michongoma. Tulipougeukia mgongo ukiwa salama mikononi mwa kipa, Vitumbua alikuwa amechuchumaa, anaokota kimoja kimoja, anakipuliza, anakiona hakifai, anakiweka kando. Hakulia wala hakututukana. Alikuwa anahesabu.

"Ishirini na sita," akasema. "Mia tano na ishirini."

Kopo lilikuwa na shilingi sitini. Kuna aliyesema ilikuwa bahati mbaya, mpira ni mpira. Kuna aliyesema asingesimama pale. Kipa, na hili nitamheshimu nalo daima, akaweka mpira chini akasema hauguswi mpaka mia tano na ishirini ipatikane. Tukaanza kugonga hodi usiku uleule. Watu walikuwa ndani, Uholanzi inacheza na Argentina, na bao la Bergkamp la dakika ya mwisho nililisikia kama kelele za nyumba nne kwa mpigo, nikiwa nje na ndoo.

Mzunguko wa pili haukufanana na wa kwanza. "Si mlishapata mpira wenu?" walituuliza. Tukieleza, tunaambiwa vitumbua tu hivyo, mwambieni mama yake apunguze. Aliyetoa shilingi thelathini kwa ajili ya mpira akatoa kumi kwa ajili ya vitumbua, kwa ndoo ileile, umbali uleule. Bibi wa Maskati hakuwa na barua, lakini alinipa hamsini na kuniambia barua itakuja. Yule bwana wa mkunjo nilimfuata mwenyewe, nikijua ni upande wa bure, nikamchotea ndoo sita na sikusema bei. Sikupewa kitu. Sikustahili pia, kwa sheria za Vitumbua mwenyewe.

Jumatatu jioni tulimpelekea. Tulikwenda sote saba, kama wapeleka posa. Mama yake alikuwa uani, mchele umeshalowekwa, na alituangalia bila kutuuliza shida yetu. Vitumbua alikaa kizingitini, akageuza kopo juu ya sinia tupu. Alitenga vifaru na vifaru, tembo na tembo. Akahesabu mara ya kwanza kwa kidole, mara ya pili kwa midomo. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lolote, hata tusi.

Akachagua sarafu moja, akaninyooshea.

"Imezidi hamsini," akasema, akanyanyuka kwenda kuosha sinia.